Aliyetoka Kabla ya Lakini

Mama Julie alikuwa na imani mbili ambazo hakuna mtu Kalemie aliyeweza kumwondolea. Ya kwanza, kwamba Mungu ni mwema. Ya pili, kwamba wengi wa aliowaumba ni wapumbavu. Ile ya kwanza aliipata kanisani. Ya pili aliipata kazini, katika miaka ishirini na sita ya kuvaa koti la muuguzi kwenye hospitali ndogo ya mlimani, ambako madirisha yanatazama ziwa na wagonjwa wanafika wakiwa tayari wamechoshwa na kupanda. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda akaomba subira. Mungu alikuwa amempa mengi: afya, nyumba ya bati, watoto wanne waliomaliza masomo. Subira peke yake ilikuwa haijafika, na Mama Julie alidhani imekwama njiani kama mzigo wa treni kutoka Kongolo.

Alimdharau daktari mpya, Dokta Destin, kijana wa Lubumbashi aliyevaa viatu vyenye ncha kama mdomo wa ndege na kusema "kwetu Lubumbashi" hata pale alipoulizwa kama ameshiba. Aliwadharau wauguzi wenzake waliochati kwenye simu huku seromu ya mgonjwa, yale maji ya mshipani, imekwisha. Lakini dharau yake iliyo safi kabisa, ile iliyochujwa mara mbili, alimwekea Déogratias.

Déogratias alikuwa na farmasi karibu na daraja la Lukuga. Alisoma kilimo miaka miwili, akaacha, akanunua koti jeupe, na tangu siku hiyo akawa Dokta Déo. Mfukoni alichomeka kalamu tatu, mbili zikiwa hazina wino. Mtu akimwendea na jino linalouma, alimpa dawa ya minyoo. Akimwendea na minyoo, alimpa vitamini na hotuba. Watu walimpenda kwa sababu hakumkemea mtu yeyote. "Ni kweli," Mama Julie alizoea kusema. "Hata kaburi halimkemei mtu."

Sasa Dokta Destin alikuwa ameanzisha somo kwa wauguzi kila Alhamisi saa nane mchana, katika chumba cha chanjo. Alhamisi moja mwezi wa tatu somo lilikuwa ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ule wa watoto ambao damu yao inajikunja, na hasa jinsi unavyoshika mapafu. Mama Julie aliingia amekunja mikono. Akamkuta Déogratias, ambaye hakualikwa na mtu, amekaa kiti cha mbele na daftari jipya mapajani.

"Karibu, Mama Julie," alisema Déogratias, kama vile chumba ni chake.

"Asante. Farmasi umemwachia nani? Maana leo watu wanaweza kupona kwa bahati mbaya."

Daktari alichora bomba ubaoni. Alisema kwamba mshipa wa damu si bomba tu. Una ngozi ya ndani, na ngozi hiyo inatuma wajumbe. Yupo mjumbe mwepesi, hewa isiyodumu hata kufumba na kufumbua, inayoitwa oksidi ya nitriki. Kazi yake ni kuuambia mshipa: legea, fungua. Yupo na mwingine, mkali, anayeitwa endotelini. Yeye anasema: kaza. Kwa mtu mwenye afya wanasemezana kama mume na mke wa siku nyingi, mmoja akipandisha sauti mwingine anashusha, nyumba inaendelea. Lakini kwa mtoto wa SS chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinapasuka njiani, na ule wekundu uliomwagika unamkamata mjumbe mwepesi kabla hajafikisha neno lake. Anabaki yule wa kaza, anapiga kelele peke yake. Mishipa ya mapafu inabana, hewa inapungua, na hewa ikipungua chembe nyingine zinajikunja. "Ni duara," alisema daktari. "Na mtoto yuko katikati."

Mama Julie alikuwa ameingia ili acheke. Wajumbe! Kama wale wajumbe wa mtaa, aliwaza, wanaotangaza usafi na hawana choo. Lakini polepole mikono yake ilikunjuka. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameona watoto wa SS wakija na maumivu ya mbavu, na siku ya pili wakihema, na siku ya tatu akifunika uso wao kwa shuka. Hakuwahi kujua kuna mtu ndani mule anayesema kaza. Aliomba karatasi kwa jirani yake, akaandika.

"Je, Dokta," aliuliza Déogratias, kalamu juu, "hakuna dawa ya kumsaidia huyu wa kufungua?"

"Ipo," alisema daktari. "Ni ile ile wanayomeza wazee kwa mambo ya chumbani. Inamwongezea nguvu mjumbe wa kufungua, na kwa watu wengine wenye mishipa ya mapafu iliyobana inasaidia."

Chumba kizima kilicheka. Déogratias hakucheka. Aliandika mstari mmoja, akaupigia mistari miwili chini. Kisha simu yake ikalia, mteja anataka kitu, akainuka akatoka akiinama kwa heshima kama askofu anayeondoka kwenye sherehe ya watu wadogo.

"Lakini," aliendelea daktari, "walipoijaribu kwa watu wa SS huko ng'ambo, maumivu yaliongezeka badala ya kupungua. Wakasimamisha jaribio kabla ya siku zake. Kwa hiyo sisi hapa, hapana. Sisi tuna oksijeni, damu, antibiotiki, dawa ya maumivu, na kumfanya mgonjwa avute pumzi ndefu, kumi kila saa, ili mapafu yasilale. Na seromu kwa kiasi! Mapafu hayo ukiyamwagia maji yanazama."

Hilo la mwisho Mama Julie aliliandika kwa herufi kubwa.

Majuma matatu yakapita.

Jumatatu asubuhi, mvua ikitoka ziwani na baridi yake, walimleta Arlette. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa darasa la mwisho, SS tangu kuzaliwa, na mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote. Mama Julie alimjua tangu akiwa wa kubebwa, na ingawa asingekiri hata mbele ya padri, hakumdharau. Nyuma yake walikuja baba yake, Papa Pascal, fundi wa injini za mitumbwi, mwenye mikono ya grisi isiyotoka. Na nyanya yake, Koko Consolate, mama wa Moba, mfupi, mnyofu, rozari shingoni, fundo la kitenge limekazwa kiunoni.

Koko Consolate alimtazama Mama Julie, kisha akatazama pembeni, mahali palipokuwa na ndoo.

Walikuwa na yao, hawa wawili. Mwaka jana, wakati wa mvua, Arlette aliletwa hivi hivi na mbavu zikiuma, na Mama Julie alipomfunua alikuta kifua kimefungwa kitenge, kimekazwa kwa mafundo matatu. Ndivyo Koko alivyofundishwa: maumivu ya mbavu yanashikwa, yasitembee. Mama Julie alichukua mkasi, akakikata kitenge kile, kipya, cha sikukuu, mbele ya wagonjwa kumi na wawili, na huku anakata alisema maneno. Wagonjwa walicheka. Tangu siku hiyo watu wa nyumba ile wakiulizwa jambo na Mama Julie walijibu "ndiyo" na "hapana", na wakati mwingine hata hayo waliyaona mengi.

"Mama Julie," alisema Arlette kutoka kitandani, akivuta hewa baada ya kila neno, "leo umekasirika... ao njo sura yako tu?"

"Njo sura yangu. Nyamaza, upumue."

Homa ilikuwepo. Kile kidude cha kidoleni, cha kupima hewa iliyomo kwenye damu, kilisema themanini na sita kwa mia, na mtu mwenye afya anatakiwa apite tisini na tano. Akamwekea oksijeni. Akapima tansio, shinikizo la damu: nane kwa nne, pale ambapo mtu mwenye afya ana kumi na mbili kwa nane. Akapima tena, maana kwa mashine za hospitali ile kupima mara moja ni kukisia. Nane kwa nne.

Dokta Destin alikuja mbio na viatu vyake vya ncha. Alisikiliza kifua, akapapasa tumbo, uso ukakunjamana. "Mapafu yameshikwa. Na tansio hii... wadudu wameingia kwenye damu. Antibiotiki sasa hivi. Seromu, lita mbili, haraka."

"Dokta, ulisema wewe mwenyewe mapafu haya yanazama."

"Nilisema. Lakini tansio ikianguka zaidi hatutakuwa na mapafu ya kuzamisha. Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Alikwenda kuleta chupa, na hapo ndipo Arlette alipomshika koti.

"Mama Julie. Mumepaka... rangi?"

"Rangi wapi?"

"Ukuta. Umekuwa buluu."

Ukuta ule ulikuwa na rangi ya uji wa mahindi tangu wakati wa Wabelgiji. Mama Julie alisimama na chupa mkononi. Buluu. Alikuwa amelisikia neno hilo katika chumba hiki, lakini si kwa msichana. Alilisikia kwa Papa Doudou, mzee wa miaka sabini aliyeoa tena baada ya Pasaka ya mwaka jana, akaja analalamika kwamba kichwa kinamgonga, pua imeziba, na hata ugali wake umekuwa buluu. Na kabla ya Papa Doudou walikuwa wazee wengine wawili, wote wateja wa daraja la Lukuga.

"Kichwa kinauma?"

"Kinagonga... kama ngoma."

"Na pua?"

"Imeziba. Wewe ni... nabii?"

Mama Julie aliweka chupa chini. Akamfuata daktari akamnong'oneza: ni ile dawa ya wazee.

"Nani anaweza kumpa msichana kitu hicho?"

"Mtu aliyetoka kabla ya lakini yako."

Daktari alielewa, rangi ya uso wake ikabadilika. "Kama ni dawa hiyo, tansio itapanda yenyewe baada ya saa chache, na lita mbili zitamuua bure. Kama si dawa, nikikawia nitamuua mimi. Lazima nijue: alimeza nini, ngapi, saa ngapi. Wewe unawajua hawa. Nakupa dakika kumi."

Unawajua hawa! Ndiyo, aliwajua, na wao walimjua.

Papa Pascal alikuwa amesimama mlangoni. Mama Julie alimwendea kwa namna pekee aliyoizoea.

"Papa Pascal. Mutoto amemeza nini?"

"Hapana."

"Sikuulizi ndiyo ao hapana. Nauliza nini."

"Chai."

"Na nini? Déogratias alikupa nini? Usinidanganye, mimi si injini."

Papa Pascal alitazama mikono yake ya grisi. Déogratias alikuwa amemweleza vizuri, kwa upole, kama mtu na mtu. Alimchorea bomba. Alimwambia: bomba limebana, hii inafungua, wewe ni fundi, utaelewa. Na yeye ni fundi, alielewa. Kisha Déogratias akaongeza: usiwaambie wale wa mlimani, watakutukana tu. Na hapa sasa, kweli, huyu mama alikuwa anamtukana.

"Chai," alisema tena.

Mama Julie alihisi maneno yanampanda kooni, mazuri, yenye makali pande zote mbili. Dakika zilikuwa zinakwenda. Akamwacha, akamgeukia Koko Consolate, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, mkono juu ya fundo la kitenge.

"Mama Consolate..."

"Leo nina jina?" alisema mwanamke yule. "Mwaka jana uliniita nini?"

"Mama, muda hatuna."

"Muda wa kukata kitenge changu ulikuwa nao. Uliniita nini? Mimi nimesahau, ni mzee. Rudia, na hawa wasikie."

Vitanda kumi na viwili viligeuza vichwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimwondoa mtoto kwenye titi ili asikie vizuri. Mama Julie alimtazama Arlette: mabawa ya pua yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya samaki aliyetupwa kwenye mchanga. Ee Bwana, alisema moyoni, nilikuomba subira, sikuomba hii. Lakini labda mzigo ulikuwa ndio huu, umefika.

Akapiga magoti. Hakupiga magoti kwa ajili ya heshima. Mkeka ulikuwa chini na alitaka macho yao yalingane.

"Nilisema hata mbuzi anafungwa shingo, hafungwi kifua," alisema, kila neno likimkwaruza. "Na nilisema mwenye kufunga hivi akili yake iko chini ya ile ya mbuzi."

Mtu fulani aliguna. Koko Consolate aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu kamili.

"Njo hayo. Na kitenge?"

"Kilikuwa kipya. Ningeweza kufungua mafundo. Nilikata kwa sababu nilitaka kukata. Nisamehe, mama. Ukitaka nirudie kesho, nitarudia kesho, na kanisani pia. Lakini leo unipe mutoto."

Koko Consolate alifungua fundo la kitenge chake, polepole, akatoa kifurushi kidogo kilichong'aa, cha vidonge vinne. Kilibaki kimoja, buluu, chenye pembe kama almasi.

"Kimoja jana jioni," alisema. "Asubuhi, saa kumi na mbili, tukimaliza sala, viwili. Pascal alisema kimoja hakikufungua bomba vizuri. Mimi nilimwambia baba yake: dawa isiyosemwa mbele ya watu ina nini? Lakini nani anamsikiliza mwenye akili ya mbuzi?"

Mama Julie aliinuka kabla sentensi haijaisha. Dokta Destin alikitazama kidonge, akatazama saa, akahesabu vidoleni, akaiokota ile lita ya kwanza pale chini akairudisha kabatini kwa mikono yake mwenyewe. Seromu ilitundikwa nyingine, ndogo, tone baada ya tone. Antibiotiki iliingia. Damu ilitafutwa, binamu wawili wa Arlette walishuka hadi mtaani na kurudi na kijana wa kwaya mwenye kundi linalofaa na mishipa kama kamba za nanga.

Papa Pascal alikuwa ameketi sakafuni mlangoni. Mama Julie alichuchumaa mbele yake. Matusi yalikuwa bado yapo, tayari, yamepangwa. Aliyapita.

"Injini ikimwagiwa mafuta mengi, inawaka?"

"Hapana," alisema Papa Pascal. "Inazama."

"Sasa unafanyaje?"

"Unaacha. Unaifungulia hewa. Unangoja."

"Basi njo tunavyofanya. Mungenyamaza dakika tano zaidi, tungeizamisha. Inuka, usikae njiani."

Saa sita mchana tansio ilikuwa tisa kwa tano. Saa nane ilikuwa kumi kwa sita, na ukuta, alisema Arlette, ulikuwa umerudi kuwa mbaya kama zamani.

Hapo ndipo Déogratias alipoingia, maana habari Kalemie haihitaji simu. Alikuja na koti lake, kalamu zake tatu, na daftari kwapani.

"Nimesikia mutoto anaendelea vizuri," alisema, akitabasamu pande zote. "Unaona, Papa Pascal? Ile dawa ilihitaji muda tu. Ni sayansi. Dokta mwenyewe alisema Alhamisi ile..."

Mama Julie alihisi furaha ya moto ikimjaa, kama mtu aliyefunga Kwaresma nzima na sasa kengele za Pasaka zinalia. Kwa Koko alikuwa ameomba msamaha. Kwa Papa Pascal alikuwa amejizuia. Mungu si katili. Hawezi kumnyima mtu yote.

"Déogratias, fungua daftari."

"Eh?"

"Fungua. Ukurasa wa Alhamisi ile. Soma."

Alisoma, sauti ikipungua: "Dawa ya wazee inamwongezea nguvu mjumbe wa kufungua."

"Endelea."

"Imeishia hapo."

"Imeishia hapo kwa sababu ulikwenda kuuza. Andika: lakini. Toa kalamu. Si hiyo, hiyo haina wino. Si hiyo pia. Hiyo hapo. Lakini kwa watu wa SS inazidisha maumivu. Lakini inaangusha tansio. Lakini nusura nimuue Arlette, binti wa Pascal. Jina kamili, uandike vizuri. Wewe, baba, ulisoma kilimo: mahindi ukiyakosea, msimu ujao unapanda mengine. Huyu Pascal atapanda nini?"

Déogratias aliandika. Chumba kizima kilitazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipomaliza, Dokta Destin alichukua daftari akalisoma, akasema Alhamisi ijayo atalisoma mbele ya wote, na kwamba barua kwa wakaguzi wa dawa wa mkoa ataiandika yeye. Déogratias akaondoka, bila kuinama.

Ikabaki kazi ya pumzi. Kumi kila saa, ndefu, hata kama mbavu zinauma. Arlette alitaka kulala; kila alipovuta hewa machozi yalimtoka, akasema wamwache, kesho atavuta ishirini. Papa Pascal hakuweza kumlazimisha. Koko Consolate alivua rozari shingoni.

"Tutahesabu na hii," alisema. "Kila shanga, pumzi. Mimi nasali, wewe unavuta. Ukilala nitaanza upya kutoka mwanzo, na unajua mimi naweza."

"Koko... hiyo ni... mateso."

"Njo kazi yake. Vuta."

Wakaanza. Salamu Maria, pumzi. Salamu Maria, pumzi. Kifua kilichofungwa mwaka jana sasa kilipanda, kidogo, kisha zaidi kidogo, na kile kidude cha kidoleni kikapanda nacho: themanini na tisa, tisini, tisini na moja. Mama Julie alisimama miguuni pa kitanda, karatasi ya vipimo mkononi, akihesabu naye kimoyomoyo. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Lakini baada ya pumzi ya kumi Koko Consolate hakusimama. Vidole vyake vilisogea hadi kwenye ile shanga kubwa iliyokaa peke yake, ya Baba Yetu, na Arlette akavuta tena. Kumi na moja. Daktari alisema kumi. Kumi iliandikwa kwenye karatasi, kwa herufi za Mama Julie mwenyewe, na mtu yeyote mwenye akili anajua tofauti ya kumi na kumi na moja.

Mama Julie alifungua kinywa.

Koko Consolate aliinua macho kutoka kwenye rozari, akamtazama, akangoja.

Mama Julie akakifunga kinywa chake, akaandika: kumi na moja.